Povu Lililoachwa Uchi Subukia

Kuna video mnatumiana kwenye simu. Kijana ameshika kipande cha povu lililokauka, kidogo kama andazi, anakiwashia kiberiti cha gesi. Kinashika, kinatoa moshi, kinafanya weusi pembeni, halafu moto unazimika wenyewe. Kijana anakiinua juu kama aliyeshinda kombe. "Hii haishiki moto, watu wangu! Ni fire-rated!" Na nyinyi hapo chini mnampigia makofi.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi mpaka binti yangu Njeri ameniambia niiache, presha yangu inapanda. Sitaiacha. Nimepuliza povu karibu maisha yangu yote ya kazi, kutoka vyumba baridi vya maua upande wa Longonot mpaka paa za makanisa ya Gilgil. Sasa nimestaafu, na mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, kwa hivyo nina haki ya kukasirika nikiwa nimekaa. Huyo kijana anawadanganya. Kibaya zaidi ni kwamba hajui anadanganya, kwa hivyo hata haya hana.

Kwa wale ambao hawajaiona kazi yetu, ni hivi. Kuna dawa mbili kwenye mapipa mawili. Zinapashwa joto, zinapita kwenye mipira mirefu, zinakutana kwenye bunduki iliyo mkononi mwako, na zikitoka hapo zinarukia ukuta au mabati na kuvimba kama unga uliotiwa hamira. Baada ya muda mfupi unagonga, pamekuwa pagumu. Baridi iliyo ndani inabaki ndani, na jua la nje linabaki nje. Ni kazi nzuri. Siisemi vibaya, imenilelea watoto.

Mimi nilianza kama mkorogaji wa simiti kwenye mijengo ya Nakuru. Fundi Musa, mzee wa Bondeni ambaye babu yake aliletwa bara na reli, ndiye aliyenitoa huko akanifundisha kupuliza. Alisema amenichagua kwa sababu sichoki na sigombani na wateja. La pili alikosea, na alilijua upesi.

Ukivaa ile suti nyeupe, na kofia yake, na barakoa yenye mikebe miwili mashavuni, hakuna anayejua wewe ni nani. Mameneja wa mashamba walikuwa wakiniita boss asubuhi yote. "Boss, hapo kwa kona usisahau." "Boss, mnamaliza leo?" Nikivua barakoa saa ya chai, boss anageuka mathe, yaani mama, papo hapo, na meneja anaanza kutazama nyuma yangu. "Mathe, na fundi ameenda wapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba fundi ndiye huyu anayekunywa chai yako, na amekuja kukuambia kona yako ina ufa.

Lakini nyinyi nilikuwa nawaambia habari za moto.

Fundi Musa hakunipa bunduki siku ya kwanza. Alitupeleka sisi wageni kwenye machimbo ya mawe nje ya Gilgil, mchana kweupe, mahali pasipo hata nyasi. Alikuwa amepigilia sanduku la mbao la ukubwa wa kibanda cha sungura, upande mmoja wazi kama mlango, na ndani amelipuliza povu kuta zote na juu. Kwanza akakata kipande kidogo, akakiwashia kiberiti. Kikazimika, vilevile kama cha kwenye video yenu. Tukacheka.

"Mpole, sivyo?" akauliza.

"Mpole, fundi," tukamjibu.

Akachukua kopo la samli lililojaa vijiti vinavyowaka, akalisukuma kwa fimbo mpaka kwenye kona ya lile sanduku, akaturudisha nyuma. Tukangoja. Kona ikafanya weusi. Nilikuwa karibu kusema kwamba huu nao utazimika. Ukuta mmoja ukashika, na ule wa pili ukashika bila kuguswa na kitu, na kabla sijamaliza kumwita Mungu wangu sanduku zima lilikuwa linatapika moto mlangoni. Moshi ulikuwa mweusi tii, mzito, unaoshuka badala ya kupanda. Mwenzetu mmoja alikimbia akaacha kiatu.

"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," Fundi Musa akatuambia. "Watu wanaisema methali hii kwenye vikao, wakitaka mchango. Mimi naisema kwa povu. Kipande kilicho mkononi kiko peke yake, hakina wa kukipa joto. Ukutani kina jirani. Huyu anampa yule joto, yule anamrudishia, na dari inawapa wote wawili. Ile dawa ya kuzuia moto mnayoambiwa imo ndani haizuii. Inachelewesha."

Hilo ndilo somo, vijana, na mtu yeyote akikuwashia kipande mkononi mwambie akakiwashe kwenye kona. Ndiyo sababu sheria za ujenzi zinasema jambo hili, kwa maneno mengi ya kuchosha, lakini jambo lenyewe ni moja: povu lisiachwe uchi mahali penye watu. Livalishwe. Livalishwe bodi za jipsam, au plasta ya simiti juu ya waya, au ile rangi maalum inayovimba ikipata moto, na iwe imejaribiwa juu ya povu la aina hiyo hiyo, si juu ya mbao au chuma. Povu likivalishwa, moto unapata kazi ya kufanya kabla ya kulifikia, na wewe unapata nafasi ya kutoka. Hakuna anayekuahidi zaidi ya nafasi ya kutoka, na hiyo inatosha kabisa ukiwa ndani.

Na msidhani povu linangoja kiberiti chenu. Kulikuwa na Kipchumba, fundi mwenzangu, mtu wa haraka sana. Siku moja kwenye shamba la maua alitaka kumaliza ukuta kabla ya chakula, akapuliza unene wote kwa mkupuo mmoja badala ya tabaka jembamba, lipoe, kisha lingine. Kwa nje lilikuwa zuri la kupendeza. Fundi Musa akaliwekea kiganja, akakiondoa haraka, akaomba msumeno. Alipolikata, ndani lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa, linafuka. Lilikuwa linajipika lenyewe. Na masalio Kipchumba alikuwa ameyashindilia yote kwenye gunia, akaliegemeza nyuma ya jikoni ya wafanyakazi. Wapishi wawili waligombana nusu saa kuhusu nani ameunguza maharagwe, kumbe ni gunia. Masalio yatawanyeni chini, nje, yapoe. Msiyarundike. Hili hamtaliona kwenye video kwa sababu halina makofi.

Kuhusu rangi nako nimeona mambo. Kanisa moja la Gilgil lilitaka povu chini ya mabati, maana mvua ikinyesha mahubiri yalikuwa hayasikiki, na wengine walikuwa wanaombea mvua kwa sababu hiyo. Tukapuliza, na wazee wa kanisa wakasema rangi ya moto watapaka wenyewe, wana vijana wenye nguvu. Nikarudi kukagua. Dari ilikuwa nyeupe inang'aa kama bibi arusi. Mimi sikutazama dari, nilienda nyuma kutazama ndoo tupu. Hilo ndilo la kuwafundisha leo. Rangi ile ni nzito kama uji wa wimbi na inakula ndoo, kwa hivyo dari iliyopakwa vizuri inaacha mlima wa ndoo nyuma ya jengo. Nikakuta ndoo chache za kutia huruma. Walikuwa wameizimua kwa maji ndiyo itoshe, kama chai ikija wageni wengi.

"Lakini mama, si nyeupe ni nyeupe?" mzee mmoja akaniuliza.

Nilisema maneno hapo ambayo pasta alilazimika kuyaombea. Lakini walirudia, na walirudia vizuri, na kama ni kula kiapo leo ningekula kwa ile dari.

Kwa hivyo hasira yangu si ya jana. Lakini ile ninayolala nayo na kuamka nayo ni ya Subukia, na ni ya karibuni, nikiwa nimekwisha kustaafu.

Mdogo wangu Rahab alipata kazi kule, kwa mzee mmoja nitakayemwita Kariuki kwa sababu jina lake halisi halina faida kwenu. Mzee alikuwa anafuga kuku wa mayai, na akaamua kuanza kulea vifaranga na kuwauzia wakulima wengine. Yeyote aliyelea vifaranga bonde lile anajua baridi yake. Watu hutumia jiko la makaa. Unaliweka katikati, unalizungushia kadibodi, vifaranga wanakusanyika, na mtu mmoja lazima awe karibu kuongeza makaa na kusikiliza. Wakilia kwa sauti nyembamba wana baridi, wakinyamaza na kutawanyika wamezidiwa joto. Rahab alikuwa hodari wa kuwasikiliza. Alikuwa amechukua hiyo kazi ili kijana wake amalize chuo.

Nikaenda kumwona. Nilibeba parachichi na maneno mengi, nikafungua mlango wa nyumba ya vifaranga, na maneno yakaisha. Kuta zote na dari ni povu, la rangi ya siagi, uchi kama lilivyozaliwa. Chini yake majiko mawili ya makaa yanawaka. Maranda makavu sakafuni. Mlango mmoja tu, na unafunguka kwa ndani. Na upande wa mwisho kabisa, mbali na mlango, kitanda cha Rahab, kimetandikwa shuka la maua, na Biblia yake juu ya mto.

Kuku wenyewe walikuwa wamekwisha kulidonoa povu mpaka kimo cha shingo zao. Kuku ana akili, akiona kitu hakijafunikwa anajua hakijamalizwa.

"Rahab, toka humu," nikamwambia.

"Karibu kwanza, Mama Njeri. Salamu zimeenda wapi?"

"Salamu nitakupa nje."

Fundi aliyepuliza alikuwa yupo, amerudi kwa kazi ndogo ya stoo, anafunga mipira yake kwenye pikapu. Brayo, kijana mtanashati, mwenye bunduki mpya kuliko zote nilizowahi kushika. Nikamuuliza atalivalisha lini.

"Kuvalisha nini, mathe?"

"Povu."

Akacheka, akatoa kiberiti cha gesi mfukoni. Wallahi sikumwomba. Akaokota kipande, akakiwasha, kikazimika, akanipa nishike kikiwa bado cha moto. "Cheki, mathe. Hii ni ile poa. Haishikangi."

Ningekuwa na umri wa miaka thelathini ningemrudishia kile kipande mahali ambapo hakingemfaa. Nilimwambia tu, njoo ukiwashe kwenye kona basi, kama una uhakika. Akatazama kona, akatazama dari, akarudisha kiberiti mfukoni. "Hiyo ni mali ya mtu, mathe." Kumbe alijua! Nusu yake ilijua. Hiyo nusu ndiyo ninayoiandikia hapa.

Mzee Kariuki akatoka nyumbani kwake, mpole, ananisalimia kwa mikono miwili. Nikamweleza yote, sanduku la Fundi Musa, simiti, waya, mlango wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno lililonifanya nikae chini kwenye jiwe.

"Mama, hizo sheria ni za nyumba za watu. Hii ni nyumba ya kuku."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni cha kupumzikia. Kwa plani hakuna mtu."

Kwa plani hakuna mtu! Nimejenga na kupuliza miaka hiyo yote na nimesikia uongo wa kila aina, wa fundi, wa mteja, wa muuza dawa, lakini huo ulinikata. Mtu anapika uji humo, anasali humo, ananyoosha miguu yake humo baada ya kubeba maji kutwa, na kwa plani hayupo. Kifaranga yupo. Povu limewekwa kwa ajili ya kifaranga, ili makaa yasiishe haraka. Rahab ndiye hayupo.

Nilimsihi aondoke. Akakataa. "Kijana amebakisha kidogo tu amalize," akaniambia. "Wacha, Mama Njeri. Nitakuwa mwangalifu na majiko." Rahab ni mwangalifu, hilo ni kweli, lakini moto haukuulizi tabia yako.

Basi nikafanya nilichojua. Nikaenda ofisi ya zimamoto, nikaeleza. Mzee Kariuki mwenyewe alikuwa ameomba akaguliwe, kwa sababu bila cheti wanunuzi wake wakubwa walikuwa hawachukui vifaranga, kwa hivyo wakasema watakuja tu. Rahab aliposikia nimeenda huko alinipigia simu akalia. "Umeniharibia," akasema. Nikamwambia afadhali ulie sasa hivi ukinitukana kuliko nilie mimi baadaye peke yangu. Akakata simu.

Siku ya ukaguzi nilikuwa Subukia kabla ya mkaguzi. Na hapo kwenye njia ya nyuma nikamwona mdogo wangu, amebeba godoro kichwani, anatoka nalo nyumba ya vifaranga kwenda nyuma ya stoo ya chakula cha kuku. Kitanda kilikuwa kimekwisha kutangulia. Majiko yametolewa, badala yake zimening'inizwa balbu nyekundu. Mahali pa kitanda pamemwagwa maranda mapya. Rahab aliniona, na hakusimama. Alikuwa anajifuta mwenyewe kwa mikono yake, na kwa bidii ile ile anayofanyia kila kitu. Nilisikia uchungu mpaka kwenye meno.

Mkaguzi alikuwa msichana wa rika la Njeri wangu, mwenye buti kubwa na sauti ndogo. Akaingia, akatazama povu, akarukiwa kwenye buti na kifaranga mmoja, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Hii haijafunikwa," akasema.

"Ni nyumba ya kuku, madam," Mzee Kariuki akasema. "Tunatumia stima tu. Hakuna moto, hakuna mtu. Hapa hata panya hawalali."

"Sawa. Kama hakuna mtu analala na hakuna moto, nitaichukua kama stoo, nitawaandikia makaa yasiingie. Kama kuna mtu, hiyo ni story ingine. Hakuna kitu itaendelea humu mpaka hii foam yote ifunikwe na mlango mwingine ukatwe." Akamgeukia Rahab. "Mathe, wewe hulala wapi?"

Rahab akatazama chini. "Kwa jirani."

Nilifungua mdomo. Mkaguzi akaniinulia kiganja, hata hakunitazama, na mimi ambaye sijanyamazishwa na mtu tangu Fundi Musa nikanyamaza. Akachuchumaa, akachukua kifaranga, akamgeuza tumbo. Akaanza kuzungumza na Rahab kama watu wa kuku wanavyozungumza. Hawa ni wa siku ngapi? Wanakula vizuri? Mama yake naye alifuga, huko Molo, baridi ilikuwa inawamaliza kila mara.

"Na hapa mmepoteza wengi?"

"Hapa?" Rahab akainua kichwa. "Hakuna hata mmoja."

"Hata juzi? Juzi stima ilipotea bonde hili lote, na ile baridi."

"Hata mmoja, madam! Nilikaa nao mpaka kukakucha. Nilibadilisha makaa, nikawafunika na leso yangu hii ya kiunoni, wale wadogo nikawaweka hapa." Akagusa kifua chake.

Sisi sote tulikuwa tumesikia. Brayo, aliyeletwa kutetea kazi yake, alikuwa anatazama viatu vyake. Nafsi yake Rahab angeikana mbele ya watu hata kumi, lakini kukana vifaranga wake, aseme walijiokoa wenyewe na balbu isiyo na stima, hilo lilimshinda.

"Rahab," Mzee Kariuki akasema, polepole.

Mdogo wangu akamtazama mzee, akanitazama mimi, akapangusa mikono kwenye leso. "Kitanda kiko nyuma ya stoo, madam. Na majiko. Kuja nikuonyeshe."

Povu lile lilifunikwa. Msidhani ni kwa maneno, ni kwa simiti. Tulipigilia waya wa kuku ukutani na darini, na Brayo akapiga plasta mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti nikimwambia hapo, na hapo, na unafikiri moto hautaona hapo nyuma ya nguzo? Alichukia siku ya kwanza. Kufikia mwisho alikuwa anagonga mwenyewe kwa kifundo cha kidole, anasikiliza sauti ya mahali pembamba, anarudia bila kuambiwa. Atakuwa fundi. Mlango wa pili ukakatwa karibu na pale kitanda kilipokuwa, unaofunguka kwa nje. Mkaguzi akarudi, akapitisha. Ni kazi ya haki, ningeweza kulala humo mimi mwenyewe.

Rahab hakulala humo. Mzee Kariuki alimwachisha kazi wiki ile ile plasta ilipokauka, akamwambia anataka mtu asiye na maneno mengi. Rahab, maneno mengi! Sasa kuna msichana kutoka Bahati anayelea vifaranga, analala chini ya dari ile na mlango wake wa pili, hajui kwa nini uko hapo, na hakuna aliyemwambia jina la mtu aliyeulipia. Nikimfikiria ninafurahi kwa ajili yake, na dakika hiyo hiyo ninataka kwenda kuvunja kitu cha Mzee Kariuki. Kijana wa Rahab naye tunamsukuma hivyo hivyo na karo, atamaliza.

Rahab alikuja kukaa kwangu. Asubuhi ya kwanza nilipotandika kitanda chake nikakuta upande wa miguu shuka limechafuka udongo. Nikadhani alitoka nje akarudi amechoka. Asubuhi ya pili, vilevile. Nikamwuliza, Rahab, wewe unalala na viatu?

Aliona haya. Akasema atafua shuka.

"Sikuulizi habari ya shuka."

"Nimezoea tu," akasema. "Kule nilikuwa nalala navyo, nimefunga na kamba kabisa. Nilijua ile kitu ikishika sitapata nafasi ya kuvitafuta."

Miezi yote ile tunabishana kama ni nyumba ya kuku au ya watu, yeye alikuwa akifunga viatu kila jioni, anajilaza.